Picha ya kisu hutazamwa kwa ubavu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Mimi ni fundi mwashi niliyestaafu, mkaazi wa Langoni hapa Lamu. Gazeti lenu hulisoma siku moja nyuma, maana jirani yangu mwenye duka hulinunua, akalisoma, kisha akanipa kabla hajafungia sukari. Kwa hiyo barua hii ikiwa imechelewa, ni gazeti lililochelewa kunifikia.

Majuzi mlichapisha picha ya mchoraji mmoja kijana wa huku pwani, picha ya mashua iliyochorwa kwa kisu badala ya brashi. Siku chache baadaye msomaji mmoja akaandika katika ukurasa huu kwamba picha ile ni uji uliomwagika ukakauka, na kwamba wanaochora kwa kisu ni walioshindwa na brashi, wanaficha uvivu wao chini ya rangi nyingi. Barua yake niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika. Ya pili nilicheka, kwa sababu neno "uji" si baya. Ya tatu nikairudia picha yenyewe gazetini, nikaona kwamba bwana yule hakusema uongo. Ilivyotoka pale, ni uji kweli. Lakini aliyeupika uji huo ni mpiga picha wenu na taa ya kamera yake, na yule kijana analaumiwa bure.

Niruhusu nieleze, na maelezo yangu yataanzia kwenye lipu.

Nilipokuwa najifunza uashi, fundi wangu alikuwa na tabia moja iliyonikera sana. Tukishapiga lipu ukuta mzima, tukausawazisha kwa ubao, nikaupitia kwa mwiko hadi mimi naona umekuwa kama ganda la yai, yeye hasemi neno. Hungoja magharibi. Akitoka kusali huja na kandili. Na kandili lenyewe halimuliki mbele ya ukuta; huliweka ubavuni, karibu kugusa, mwanga ukawa unatambaa juu ya lipu kama kaa juu ya mchanga. Hapo ukuta wangu laini huota vilima na mabonde. Kila mahali mkono uliposita pana kivuli chake. "Haya, soma," huniambia. Nami husoma aibu yangu tangu dari hadi sakafu, na kesho yake asubuhi nabandua nusu yake.

Sasa chukua kandili hilo ulishike usoni pa ukuta, mbele kabisa. Vilima vyote hupotea. Ukuta mbovu na ukuta mzuri huwa sawa. Ndivyo mlivyoifanya picha ya yule kijana. Rangi inayowekwa kwa kisu hukaa juu ya kitambaa kwa unene, ina migongo na kingo, na nusu ya mchoro ni vivuli ambavyo kingo hizo hujitupia zenyewe. Ukiipiga taa ya kamera kutoka mbele umeua vivuli vyote, ukabaki na rangi zilizosambaa. Uji.

Haya nayajua kwa sababu mimi mwenyewe nachora kwa kisu. Nimeanza nikiwa na miaka sitini na tatu, magoti yamekataa kupanda dungu, na nyumbani sina kazi ila kuulizwa kwa nini nimekaa. Mjukuu wangu anasomea uchoraji Nairobi. Aliporudi likizo alikuja na kisanduku cha rangi za mafuta na brashi. Nikazishika zile brashi, nywele zake ngumu, nikauliza ni za mnyama gani, maana sisi chokaa tulipaka kwa brashi za katani. Akanyamaza kidogo. "Babu, afadhali usingeuliza." Kumbe brashi nyingi za rangi ya mafuta ni nywele za nguruwe. Nikazirudisha kisandukuni kwa ncha za vidole, nikaenda kunawa.

(Baadaye alinieleza kwamba nguruwe amewafuata wachoraji wa Ulaya tangu zamani. Kabla ya Mmarekani John Goffe Rand kubuni ule mrija wa bati wa kukamulia rangi mwaka 1841, rangi walizihifadhi ndani ya vibofu vya nguruwe. Nilimwambia inatosha, chakula kiko mezani.)

Basi chini ya brashi ndimo kilimokuwa hicho kisu. Yeye alikiita kisu; mimi nilipokishika tu nikasema, "Huu ni mwiko." Bapa la chuma, mpini wa mti, na shingo iliyopinda kati ya bapa na mpini. Shingo ya mwiko wa mwashi imepinda kwa sababu gani? Vidole visiguse lipu mbichi. Na ya kisu cha rangi ni kwa sababu hiyo hiyo. Kiko na kingine kilichonyooka, bila shingo, hicho ni cha kuchanganyia rangi tu. Tofauti kubwa na mwiko wangu ni wembamba: bapa lake hupinda ukilibonyeza kwa kidole kisha likarudi, kama ukuti mchanga. Mjukuu wangu akanitazama ninavyokishika akasema wanafunzi wenzake walihitaji wiki nzima kujifunza hivyo. Nikavimba kichwa. Sikujua kwamba mkono uliopiga lipu miaka arobaini ndio utakaonitesa.

Maana mkono wa mwashi haujui kuacha. Umeweka, unasawazisha. Umesawazisha, unarudia. Picha yangu ya kwanza ilikuwa bahari mbele ya gati, asubuhi, maji yametulia, kisiwa cha Manda ng'ambo. Niliweka buluu, nikaweka kijani, nikaweka nyeupe, kisha nikaanza kupitisha mwiko juu yake kama ukuta wa choo. Baada ya robo saa nilikuwa na ubao wa rangi ya kijivu, laini, umenyooka, ungeweza kuulaza na pima maji ikakaa katikati. Bahari hapana. Mjukuu wangu alisimama nyuma yangu akasema maneno mawili ambayo mpaka leo nayasikia kila nikishika kisu: "Weka, ondoka."

Weka, ondoka. Chota rangi kwa ukingo wa bapa, ilaze juu ya kitambaa, bonyeza kidogo, vuta, inua. Usirudi. Ukirudi, rangi ya chini huamka ikachanganyika na ya juu, na ukirudi mara ya tatu umepata tope. Kisha futa bapa kwa tambara, kila mara, hata kama wajiona huna haja, kwa kuwa kisu kilichobaki na kijani cha mpapai kitakupakia mpapai mawinguni. Hilo la kufuta lilinichukua miezi miwili kulizoea. La kuondoka bado nalisomea.

Na zile rangi mbili ulizozichota pamoja usizikoroge mpaka zikawa moja. Ziache nusu nusu. Ukizilaza hivyo, kisu chenyewe hutoa mistari ya buluu ndani ya kijani ambayo hakuna mkono ungeweza kuipanga, na ukisimama mbali maji yanacheza. Ukingo wa bapa ukiugusisha tu, bila kuvuta, hupata mstari mwembamba: mlingoti, demani (kamba ya chini ya tanga), foromali (mti unaobeba tanga). Ukikosea, kisu hicho hicho hukwangua kosa likatoka, pakabaki alama nyembamba, na mara nyingine alama hiyo ndiyo nzuri kuliko ulichotaka. Brashi haina rehema hiyo.

Kitambaa cha dukani ni ghali, na kukiagiza mpaka kifike kisiwani ni safari nyingine, kwa hiyo nachorea tanga kuukuu. Nahodha mmoja wa Matondoni hunipa vipande vilivyochakaa. Ni pamba nzito, imepigwa na jua na upepo, ina viraka na mishono, na rangi huishika vizuri. Lakini lazima uifue kwanza kwa maji baridi ya kisima, mara tatu, chumvi itoke. Kisha naitundika kwenye fremu ya mbao, naipaka gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa, halafu rangi nyeupe ya maji. Bila gundi mafuta huingia ndani ya nyuzi na kuziozesha pole pole, na picha yako huanguka vipande kabla wajukuu hawajagombania urithi.

Rangi ndiyo inayoniumiza mfuko. Kisu kinakula rangi kuliko brashi mara nyingi, mrija mmoja naumaliza kwenye wingu moja. Nikajiona mjanja: mimi mtu wa chokaa, kwa nini nisiongeze chokaa? Nikachukua chokaa iliyozimwa, mbichi, nikaikoroga ndani ya nyeupe ya mafuta. Mwanzo ikawa nzito, nzuri. Asubuhi nikaikuta imeganda mabonge mabonge kama maziwa yaliyoharibika. Nimetengeneza sabuni! Ndiyo, Mhariri, chokaa mbichi na mafuta vikikutana huwa sabuni, na jambo hili ningelijua kama ningemuuliza mama yeyote aliyewahi kupika sabuni kwa majivu. Siku hizi nasaga lipu ya zamani, ile iliyobanduliwa kwenye nyumba zinazokarabatiwa, chokaa iliyokwisha kurudi kuwa jiwe. Naichekecha kwa kipande cha mtandio mkuukuu wa mke wangu. Hiyo haigombani na mafuta. Haiongezi weupe, ila huipa rangi mwili. Kwa hiyo ndani ya picha zangu kuna kuta za Lamu, na simaanishi zile zilizochorwa.

Kuna jambo jingine ambalo uashi ulinifundisha kabla sijaanza uchoraji. Watu hudhani rangi ya mafuta hukauka kama kanzu kwenye kamba, kwa kutoa maji. Sivyo. Hukauka kwa kula hewa, huvuta oksijeni ikaigandisha. Chokaa nayo huwa ngumu kwa kuvuta hewa ya ukaa. Zote mbili hutaka subira, na ukizipaka nene kwa pupa hufunga ngozi juu, ndani zikabaki mbichi kwa miezi. Na tabaka la juu lisiwe gumu kuliko la chini. Fundi yeyote wa zamani atakwambia: ukuta wa matumbawe na chokaa ukiuvika saruji, saruji haipumui wala hainyumbuki, chumvi na unyevu hufungiwa ndani, na baada ya misimu kadhaa lipu huachia kipande kizima. Rangi ya mafuta ni vivyo hivyo. Tabaka la chini liwe na mafuta kidogo, la juu liwe na mafuta zaidi, lipate kunyumbuka. Ukigeuza, picha hupasuka nyufa. Mjukuu wangu alipoanza kunieleza kanuni hiyo nilimmalizia sentensi. Siku hiyo nilirudishiwa heshima yangu kidogo.

Heshima hiyo haikudumu. Picha yangu ya tano, jahazi likiingia na kaskazi, niliitoa nje ikauke, nikaiegemeza juu ya baraza. Njia yetu ni nyembamba. Punda wawili wakikutana mmoja lazima ajifikirie. Nikasikia "Simile! Simile!" nikaondoa miguu, sikuondoa picha. Punda akapita na matumbawe mgongoni, akaifuta bahari yote kwa ubavu wake. Alikwenda mpaka mtaa wa Mkomani ana wimbi kwenye nywele. Mwenye punda alinitaka radhi, na mke wangu akasema hiyo ndiyo picha yangu ya kwanza kutoka nje ya mtaa.

Msomaji wenu amesema kisu ni cha walioshindwa na brashi. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu kazi za Gustave Courbet, Mfaransa wa karne ya 19, aliyezaliwa 1819 akafa 1877. Brashi aliiweza vizuri kabisa. Lakini alipofika kwenye mwamba wa pwani na wimbi linalovunjika alichukua kisu, kwa sababu mwamba hauna unywele, una kingo. Paul Cézanne naye mwaka 1866 alimchora mjomba wake mara kadhaa kwa kisu, rangi nene kama matofali. Sina haja ya kujilinganisha nao. Tena nakiri kazi zao nimeziona kwenye kioo cha simu tu, bapa, kama ninyi mlivyoiona ya yule kijana, kwa hiyo hata mimi sijaziona.

Wazee wenzangu wengine waliniuliza kama nachora viumbe. Sichori. Nachora kuta, maji na vyombo, na nikishachora jahazi bila nahodha, atazamaye ajue nahodha yuko upande wa pili wa tanga.

Kuta ndizo nazipenda zaidi, na ndizo zilizonifedhehesha zaidi. Miaka arobaini nimepaka chokaa, nikadhani weupe naujua. Nilipochora kichochoro chetu nilichukua nyeupe nikaijaza kuta zote mbili. Ikatoka kama meno ya bandia. Mjukuu wangu akatoboa tundu dogo kwenye karatasi, akaniambia nitazame ukuta kupitia tundu hilo, nisitazame kitu kingine. La haula! Ukuta wa upande wa kivuli, ule niliopaka mimi mwenyewe, ulikuwa buluu. Nikashusha tundu chini kidogo, pakawa na uwekundu wa mbali, joto la ukuta wa pili uliopigwa na jua likirudi. Na ule wa juani haukuwa mweupe, ulikuwa kama siagi. Nyeupe tupu ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye ukingo wa kidaka cha dirisha, pana kama ukucha.

Na buluu ile naijua. Tulikuwa tukitia chembe ya buluu ya kufulia ndani ya chokaa ili ukuta uzidi kung'aa. Kumbe buluu hiyo ya kufulia ndiyo ile ile wachoraji wanayoiita altramarini, iliyokuwa ikitolewa kwenye jiwe la thamani kutoka Afghanistan mpaka Wafaransa walipogundua kuitengeneza kiwandani katika miaka ya 1820. Chokaa haiidhuru, ndiyo sababu haikufifia kwenye kuta zetu. Nimekuwa nikipaka kivuli kwenye nyumba za watu miaka yote, sijui.

Sasa nirudi kwenu, Mhariri. Tangu mji wetu uingizwe katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, wapiga picha wanakuja kila msimu, na wengi wao nawaona vichochoroni saa sita mchana, jua utosini, wakipiga kuta ambazo saa hiyo hazina cha kusema. Nakshi ya plasta, zidaka (vishubaka vya ukutani), milango ya kuchonga, vyote vilichongwa na watu waliojua mwanga utaingia kwa upande. Fundi wa zidaka hakuchonga kwa ajili ya taa ya usoni. Ukiona vyaelea vimeundwa, na vimeundwa kwa saa fulani ya siku.

Ombi langu ni dogo. Mkichapisha tena picha ya kisu, mpiga picha wenu azime taa ya kamera. Aiweke picha karibu na dirisha, dirisha liwe kushoto au kulia, si nyuma yake. Aingoje alasiri. Kama hana subira ya alasiri, ashike tochi ya simu ubavuni mwa picha, karibu kuigusa, mwenzake apige. Haigharimu hata shilingi. Na ile ya mashua, kama bado mnayo, ningependa mwipige upya muichapishe tena, ukubwa ule ule, ili msomaji yule aone tanga la yule kijana lilivyojazwa upepo. Hata katika uji wenu niliona kwamba tanga lile limewekwa kwa mkono mmoja, mara moja, kutoka foromali mpaka demani, bila kurudi. Mimi bado siwezi.

Na bwana yule aliyeandika habari za uji, kama anapita Lamu, namkaribisha. Nyumba yangu aulize Langoni, kwa fundi anayechora kwa mwiko. Picha ya gati iko dakani, hapo mlangoni, nimeigeuza ielekee njia, na kuanzia saa kumi jua linaifikia kwa ubavu kwa muda wa kama nusu saa hivi, kabla nyumba ya jirani haijalikinga. Aje mapema, na akisikia "Simile!" apande barazani.

Wenu,
Fundi mwashi mstaafu,
Langoni, Lamu